Tanuri la T-962: lifungue kabla ya kuliwasha

Karakana ndogo ya elektroniki ikianza kupokea oda za bodi ishirini au hamsini za aina moja, chuma cha kulehemu na bloa havitoshi tena. Rezista ndogo mno za ukubwa wa 0402 hazishikiki kwa kibano siku nzima, chipu bapa za QFN zina pedi (kibati cha kulehemia) tumboni ambako ncha ya chuma haifiki, na kila bodi inatoka na sura yake. Hapo ndipo watu wengi huitazama T-962: tanuri la mezani la kuyeyusha lehemu ya bodi nzima kwa pamoja, lenye droo, taa za infraredi juu ya droo, feni ya kutoa moshi nyuma, kioo kidogo kinachochora mstari wa joto, na nguvu ya wati 800. Eneo la kuweka bodi ni milimita 180 kwa 235. Linatoka China, linauzwa na wauzaji wengi chini ya majina tofauti, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya tanuri la mkanda la kiwandani.

Tunalipendekeza kwa fundi aliye tayari kulifungua skrubu siku ya kwanza. Anayetaka kuchomeka plagi na kuanza kazi ataharibu pesti (lehemu ya uji inayopakwa kwenye bodi), chipu na muda, kisha atalaumu kitu kisicho na hatia. Kinachowatenganisha watu hawa wawili ni kujua joto halisi la bodi, na joto hilo T-962 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani haikuonyeshi.

Kazi ya siku ya kwanza

Ukiondoa kifuniko cha juu, katika matanuri mengi ya aina hii utakuta pamba ya kuzuia joto imeshikizwa kwa tepu ya karatasi, ile ile wanayotumia wapaka rangi wa magari. Tepu hiyo haikuundwa kwa nyuzi 200 na zaidi. Ikipata moto inanuka, inageuka kahawia, na gundi yake inatoa moshi unaotua juu ya bodi. Wengi hudhani ni harufu ya flaksi, dawa iliyomo kwenye pesti ya kusafisha chuma ili lehemu ishike. Ibandue yote, hata vipande vilivyojificha pembeni, futa gundi iliyobaki kwa alkoholi ya isopropili, kisha rudishia kwa tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu inayostahimili nyuzi 260. Vaa glavu na barakoa, maana vumbi la pamba hiyo linawasha ngozi na halifai mapafuni. Baada ya hapo endesha mizunguko miwili bila bodi, madirisha yakiwa wazi, ili kilichobaki kiungue na kuisha.

La pili ni ethi, na hili halina mjadala. Mara nyingi waya wa ethi umefungwa kwenye bati lililopakwa rangi, na rangi haipitishi umeme. Tanuri likiwa limechomolewa, weka mita kwenye ohm, ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye bati tupu la nyuma, kisha la mbele, kisha la droo. Kote kunapaswa kusoma chini ya ohm 1. Pasiposoma hivyo, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, weka washa ya meno chini ya nati, kaza, pima tena. Usiruke hatua hii kwa sababu tanuri "linafanya kazi". Tanuri lisilo na ethi hufanya kazi vizuri kabisa hadi siku waya wa taa utakapogusa bati.

La tatu ndilo linaloamua ubora wa lehemu yako. Thamokapo ya aina ya K, kihisi cha joto cha tanuri hili, haipimi joto moja kwa moja. Inatoa volti ndogo inayolingana na tofauti ya joto kati ya ncha yake na mahali inapofungwa kwenye bodi ya kudhibiti. Ili kupata joto la ncha, programu lazima ijue joto la mahali pale inapofungwa. Programu ya asili ya T-962 haipimi hapo. Inachukulia kwamba pana nyuzi 20 wakati wote. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mchana kina nyuzi 30 na ushei kabla taa hazijawaka, na bodi ya kudhibiti imo ndani ya bati lile lile linalopashwa moto. Baada ya mizunguko kadhaa mfululizo, sema pamefika nyuzi 45. Kioo kikisoma 220, ncha iko 245. Bodi ya asubuhi inatoka safi, ya mchana inatoka soketi za plastiki zimejikunja, na fundi anabadilisha pesti ambayo haikuwa na tatizo.

Dawa yake inajulikana. Kuna programu huria iitwayo T-962-improvements, inayopatikana bure GitHub, na inahitaji kihisi kimoja cha joto cha DS18B20 kubandikwa juu ya skrubu za thamokapo. Kihisi hicho kina usahihi wa nusu nyuzi kati ya -10 na 85, kinaunganishwa na mguu wa P0.7 wa maikrokontrola LPC2134 (chipu inayoendesha tanuri), pamoja na rezista ya kiloohm 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3. Kibandike kwa gundi ya epoksi ili kiguse chuma cha kifungio chenyewe, kwa sababu kikiwa hewani sentimita mbili pembeni kitapima hewa. Programu inapakiwa kupitia pini za mawasiliano ya seria zilizoko kwenye bodi, kwa lpc21isp au Flash Magic. Kabla ya kufuta chochote, soma maandishi yaliyo juu ya chipu kwa kioo cha kukuza: matoleo ya tanuri hili hubadilika, na kama chipu si LPC2134, usipakie. Faida nyingine ya programu hiyo ni kwamba inaendesha feni kwa mwendo unaobadilika, hivyo mstari wa joto haurukiruki, na inatuma vipimo kwenye kompyuta mzunguko ukiendelea. Hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kumbukumbu ya kila mzunguko ndiyo itakayokusaidia wiki mbili baadaye bodi ikirudi na kasoro.

Kupima bodi, si hewa

Hata baada ya marekebisho hayo, thamokapo za tanuri zinapima chumba. Bodi ina tabia zake. Infraredi hupasha vitu vyeusi haraka kuliko vyeupe au vinavyong'aa, kwa hiyo mgongo mweusi wa chipu hupata moto mapema kuliko pedi iliyo chini yake, na soketi nyeupe hubaki nyuma. Shaba nyingi ndani ya bodi nayo hunyonya joto.

Chukua bodi moja mbovu ya aina ile ile utakayotengeneza, na mita yenye thamokapo ya waya mwembamba. Bandika ncha kwa Kapton au kwa tepu ya alumini sehemu tatu, moja baada ya nyingine: katikati ya bodi, kwenye kona iliyo karibu na mlango wa droo, na pembeni mwa kipande kikubwa kuliko vyote. Ncha iguse pedi. Ikinyanyuka hata kidogo utasoma hewa. Endesha mzunguko mzima kila mara na uandike joto kila sekunde kumi. Utaona katikati kuna moto kuliko kingo, na upande wa mlango ndio wa baridi kabisa. Ndiyo maana zile milimita 180 kwa 235 zilizoandikwa kwenye boksi tusizihesabu kama eneo la kazi. Acha sentimita tatu au nne kila upande, na bodi kubwa kuliko hapo itengenezewe kwingine.

Feni ya dari, kwa bahati mbaya, ni adui wa pande mbili. Upepo wake hupoza mlango wa droo, na pia hukausha pesti iliyokwisha kupakwa. Zima feni au hamisha tanuri.

Kisha kuna umeme wenyewe. Tanuri la wati 800 kwa volti 220 linavuta takribani ampea 3.6, jambo ambalo soketi yoyote ya kawaida inalimudu. Shida ni volti zinaposhuka jioni. Nguvu ya kipasha joto hushuka takribani kwa mraba wa volti: kwenye volti 190 unabaki na wati kama 600. Mstari halisi unabaki nyuma ya mstari uliochorwa, pesti inakaa muda mrefu kwenye joto la kati, flaksi inaisha kabla lehemu haijayeyuka. Kama eneo lako lina tatizo hili, stabilaiza ya VA 1500 au zaidi inunuliwe pamoja na tanuri, au kazi ifanyike saa ambazo umeme umetulia. Umeme ukikatika kabla ya lehemu kuyeyuka, usirudishe bodi ndani na kuanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Iache ipoe, osha pesti yote kwa alkoholi, paka upya. Ukikatika lehemu ikiwa imeyeyuka nusu, ongeza flaksi ya jeli sehemu ambazo hazijaiva, kisha zungusha tena.

Mistari ya joto inayofaa

Pesti ya Sn63Pb37, ya bati na risasi, inayeyuka nyuzi 183. Kwa tanuri hili ndiyo rafiki. Panda nyuzi 1 hadi 2 kwa sekunde hadi 100, tembea kati ya 100 na 150 kwa sekunde 60 hadi 90, kisha panda hadi kilele cha 210 hadi 220, ukihakikisha bodi imekaa juu ya 183 kwa sekunde 60 hivi. SAC305, isiyo na risasi, ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5, inayeyuka kati ya 217 na 220. Inahitaji kukaa kati ya 150 na 200 kwa sekunde 60 hadi 120, na kilele cha 235 hadi 245. Hapa T-962 inahema: kwa bodi ndogo nyepesi inafika vizuri, kwa bodi nene yenye shaba nyingi haipandi kwa kasi inayotakiwa. Anayeuza bidhaa Ulaya hana hiari, kwa sababu sheria ya kuzuia risasi ilianza kutumika huko Julai 2006, na mtu huyo anahitaji tanuri kubwa kuliko hili.

Pesti ya bismathi, Sn42Bi58, inayeyuka 138 na inaokoa soketi na taa za LED zisizopenda moto. Viungo vyake ni vigumu lakini hukatika vikigongwa, kwa hiyo usiitumie kwenye soketi ya USB wala kitu chochote kinachovutwa. Na usiiweke kamwe kwenye bodi au vipande vilivyopakwa lehemu ya risasi: bati, risasi na bismathi vikichanganyika hutoa mchanganyiko unaoyeyuka karibu na nyuzi 96, kiwango ambacho chipu ya umeme inaweza kukifikia ikiwa kazini.

Mzunguko ukiisha, usivute droo haraka. Lehemu bado ni maji, na mtikiso mdogo unasogeza vipande vyote. Subiri bodi ishuke chini ya 170 kwa lehemu ya risasi, chini ya 200 kwa SAC305, ndipo ufungue.

Kasoro inakoonekana ndiko kunakoeleza chanzo chake

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, panga bodi tano au zaidi mezani na uzitazame pamoja. Kasoro ikiwa sehemu ile ile katika kila bodi, chanzo ni mchoro wa pedi au stensili, yaani bati lenye matundu la kupakia pesti. Ikiwa kingoni au upande mmoja wa droo, ni joto. Ikiwa imetawanyika bila mpango na inaongezeka kadiri siku inavyokwenda, ni pesti au unyevu. Fundi anayeanza na swali hili huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Mfano mzuri ni lehemu yenye sura ya chengachenga, punje zake zikionekana kama hazikuungana. Kuna mambo mawili yanayofanana kwa macho, na tiba zake zinapingana. Tazama pedi kubwa na ndogo kwenye bodi ile ile. Pedi kubwa zikiwa na chenga huku ndogo zikiwa laini, bodi haikuiva: ongeza kilele au muda. Pedi kubwa zikiwa laini huku zile ndogo za 0402 zikiwa na chenga, flaksi iliisha kabla ya wakati, kwa sababu tone dogo la pesti lina flaksi kidogo na, kulingana na ukubwa wake, eneo kubwa linaloguswa na hewa. Hapo ukiongeza joto la awali unaharibu zaidi; punguza muda wa kati ya 150 na 200, au acha kabisa kutembea na upande moja kwa moja.

Kapasita ndogo kusimama wima kwa ncha moja ndiyo kasoro inayolalamikiwa kuliko zote. Lehemu ya upande mmoja inayeyuka kwanza na kuvuta kipande kabla upande wa pili haujashika. Sababu ya kawaida ni pedi moja kuunganishwa na sahani pana ya shaba bila vijia vyembamba vya kuzuia joto kukimbia. Suluhisho la kudumu liko kwenye mchoro: weka vijia vinne vyembamba kuzunguka pedi hiyo. Kwa bodi ambazo zimeshachapwa, punguza kasi ya kupanda mara tu kabla ya kuyeyuka; ukiikalisha bodi nyuzi 165 hadi 175 kwa sekunde 30 hivi, pande zote mbili zitavuka 183 karibu pamoja. Hakikisha pia kipande kimewekwa katikati ya pedi zake, kwa sababu kilichoegemea upande mmoja kimeshaanza safari ya kusimama. Na kama vinasimama vile tu vilivyo nyuma ya soketi ndefu au kapasita nene, ni kivuli: taa ziko juu, na kitu kirefu kinazuia miale. Geuza bodi nyuzi 90 ndani ya droo ujaribu tena.

Shanga ndogo za lehemu ubavuni mwa kapasita zina chanzo tofauti. Pesti iliyobanwa chini ya tumbo la kipande hujitenga na kukusanyika pembeni. Punguza tundu la stensili kwa asilimia kumi hivi, au likate umbo la nyumba, paa likielekea ndani chini ya kipande. Zikitawanyika bodi nzima, si stensili tena: ama joto lilipanda kwa kasi mwanzoni na flaksi ikachemka, ama pesti ilifunguliwa ikiwa bado na baridi ya friji.

Madaraja kati ya miguu ya chipu yenye nafasi ya milimita 0.5 huanzia kwenye stensili karibu kila mara. Hapa inafaa kufanya hesabu badala ya kukisia. Gawanya eneo la tundu kwa eneo la kuta zake. Jibu likiwa chini ya 0.66, pesti itabaki ndani ya stensili badala ya kushuka kwenye pedi. Tundu la milimita 0.22 kwa 1.2 kwenye bati la milimita 0.12 lina eneo la 0.264, na kuta zake ni 0.341, kwa hiyo uwiano ni 0.77 na linafaa. Tundu la duara la 0.25 kwa ajili ya BGA (chipu yenye vipira vya lehemu tumboni) kwenye bati hilo hilo lina 0.52, halifai, hata ukishuka hadi bati la 0.1 unapata 0.625. Panua tundu hadi 0.28 kwenye bati la 0.1 na unafika 0.7. Chembe za pesti nazo zihesabiwe: upana wa tundu uwe angalau mara tano ya chembe kubwa. Aina ya 3 ina chembe za hadi maikromita 45, ikimaanisha maikromita 225, ambazo hazipiti vizuri kwenye tundu la 0.22. Aina ya 4 inaishia 38, na mara tano ni 190. Kwa hiyo kwa miguu ya 0.5 nunua aina ya 4, na usisugue pesti mara mbili kwenye stensili ile ile bila kuinua na kufuta upande wa chini.

QFN inayoelea ni kasoro inayofichwa na sura nzuri. Ukijaza pesti pedi yote ya katikati, lehemu inainua chipu kama boti, na miguu ya pembeni haigusi, au inagusa leo na kuachia kesho. Gawanya tundu la katikati kuwa vyumba vinne au tisa, jumla ya pesti ifunike asilimia 50 hadi 70 ya pedi. Nafasi kati ya vyumba inatoa njia ya gesi ya flaksi kutoka, na viputo ndani ya lehemu hupungua. Kama kuna matundu ya kupitisha joto ndani ya pedi hiyo na hayajazibwa, yatanyonya lehemu hadi upande wa pili. Yawe madogo, milimita 0.3 au chini, au mwenye kiwanda cha bodi ayazibe.

Kwa bodi za pande mbili, anza na upande wenye vipande vidogo. Kwenye mzunguko wa pili mvuto wa lehemu iliyoyeyuka unavishikilia vikiwa vimeangalia chini, lakini koili nzito na soketi zitaanguka, kwa hiyo vipande hivyo vibaki upande wa mwisho. Inua bodi juu ya skrubu ndefu nne ili upande wa chini usiguse droo.

Pesti, unyevu na pwani

Pesti ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 10, si kwenye sehemu ya barafu. Kopo la gramu 500 linahitaji kama saa nne nje ya friji likiwa limefungwa. Sirinji ndogo inahitaji saa moja au mbili. Ukilifungua mapema, mvuke wa hewa unaganda juu ya pesti yenye baridi, na katika hewa ya Tanga, Zanzibar au Mombasa maji hayo ni mengi. Ukishapaka, weka vipande na uingize bodi ndani ya saa moja. Pesti iliyotoka kwenye stensili isirudishwe koponi.

Chipu nazo hunywa unyevu. Mfuko wenye alama ya MSL 3, kiwango cha chipu kuathiriwa na unyevu, unakupa saa 168 baada ya kufunguliwa, lakini saa hizo zimehesabiwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Karakana ya pwani isiyo na kiyoyozi mara nyingi imevuka viwango vyote viwili, kwa hiyo usizitegemee. Unyevu ulionaswa unageuka mvuke tanurini na kupasua chipu kutoka ndani. Wakati mwingine unasikia mlio, wakati mwingine huoni kitu hadi mteja arudi. Nunua mifuko ya kuzuia unyevu, silika jeli na kadi ya kuonyesha unyevu, vyote vya bei nafuu. Chipu iliyokaa wazi ikaushwe nyuzi 125; muda hutegemea unene wake, na saa 24 ni kiasi cha kawaida kwa zile nene. Ziwe kwenye trei inayostahimili moto, kwa sababu rili za plastiki zitayeyuka. Hizo hukaushwa nyuzi 40 kwa siku nyingi. Programu huria ya T-962 ina hali ya kukaushia, ila hatupendi kuliacha tanuri la taa likiwaka usiku kucha. Oveni ya maabara yenye feni ndiyo mahali pake.

Kama si T-962, nini?

Anayetengeneza bodi ndogo za upande mmoja, au mwenye kazi kubwa ya kurekebisha QFN moja moja, atafurahia zaidi sahani ya moto. MHP30 ya Miniware, kwa mfano, ina uso wa milimita 30 kwa 30 na inatumia umeme wa USB-C. Joto linatoka chini, hakuna kivuli, na unaona lehemu ikiyeyuka mbele ya macho yako. Haifai kwa bodi yenye vipande pande zote mbili.

Mwenye SAC305 na oda za kila wiki atazame T-962A: milimita 300 kwa 320, wati 1500. Inavuta karibu ampea 7, hivyo soketi yake iwe ya waya wa peke yake. Marekebisho ya tepu, ethi na thamokapo yanaihusu pia. Ukubwa wake unasaidia hata kwa bodi ndogo, kwa sababu katikati pana joto lililotulia kuliko katikati ya ndugu yake mdogo.

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, usilipe kabla ya mambo matatu. Soma kibandiko cha nyuma: tanuri hili hutengenezwa pia kwa volti 110, na hilo likichomekwa kwenye 230 vipasha joto vinapata nguvu zaidi ya mara nne na kuungua papo hapo. Vuta droo mara kadhaa, itembee bila kukwama, maana droo inayokwama ndiyo itakayotikisa bodi lehemu ikiwa maji. Kisha muombe muuzaji aliwashe bila bodi kwa dakika tatu, uone taa zote zinawaka, na thamokapo mbili zinasoma namba zilizo karibu. Zikipishana zaidi ya nyuzi kumi tanuri likiwa bado baridi, huenda moja imelegea au ina hitilafu, na anayepaswa kulirekebisha ni muuzaji kabla hujaondoka.